Jitu Lililopauka

Siku yangu ya kwanza kazini nilikula kifaa cha kazi. Nalisema mapema, kabla Ochieng hajawasimulia kwa namna yake, maana akisimulia yeye, mkate mmoja huwa mikate saba.

Ilikuwa hivi. Nilitoka Al Thumama, hapa Doha, asubuhi bila kunywa chai, nikafika ghorofa ya tatu ya jengo moja la zamani Al Sadd, juu ya duka la mapazia. Mzee mwenye chumba akanifungulia mlango, akaniambia, "Karibu, keti, nakuja sasa hivi." Mezani palikuwa na boflo limekatwa nusu, limetolewa ganda, limewekwa juu ya sahani safi. Nikajiambia, kumbe mzee huyu mkarimu hivi! Nikala lote. Aliporudi akatazama sahani, akanitazama mimi.

"Kazungu, mkate wangu uko wapi?"

"Nimekula, Maalim. Ahsante sana."

"Lo! Umekula kifutio changu, bwana wee."

Nilitaka sakafu ipasuke. Lakini Maalim alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akanituma nikanunue boflo jingine, na niliporudi akanifundisha somo la kwanza. Chaki ya kuchorea watu haifutwi kwa raba, raba huchubua karatasi. Unachukua ile sehemu laini ya ndani ya mkate, unaifinyanga kama ugali, unaigusisha polepole juu ya mchoro, nayo inainyonya chaki na kuacha karatasi salama. Tangu siku hiyo nilinunua maboflo mawili kila asubuhi, moja la kazi na moja la tumbo langu.

Nyinyi mnaoshuka Doha siku hizi mnauliza sana, "Mzee Kazungu, ulifanya kazi gani?" Nikiwaambia nililipwa kusimama mnadhani natania. Basi kaeni niwaeleze.

Mimi ni mtu wa Kaloleni. Nilikuja hapa kama askari wa ulinzi, na kampuni ikanizungusha kama wenzangu wote: kwanza lango la kambi ya wajenzi, halafu ghala la matairi, mwisho sebule ya jengo hilo la Al Sadd. Supervaiza wetu alikuwa mkali wa mambo mawili tu, viatu na kuegemea. "Ukuta una mwenyewe," alikuwa akisema. "Nikikukuta umeegemea, unarudi ghalani." Kwa hiyo nilijifunza kusimama. Saa kumi na mbili, mgongo wima, mikono nyuma. Huo ndio ufundi pekee niliokuwa nao, na sikujua kama ni ufundi.

Maalim alipita mbele yangu kila siku na kila siku alinitazama mabega. Nikaanza kuwa na wasiwasi naye. Siku moja akasimama.

"Wewe huchoki?"

"Nachoka, Maalim. Ila miguu nimeikataza kusema."

Nilimjibu kwa Kiswahili kwa sababu yeye mwenyewe alianza kwa Kiswahili. Alizaliwa Maskati, lakini mamake alilelewa Unguja, na nyumbani kwao lugha ya jikoni ilikuwa hiyo. Mkiwahi kukaa ugenini mnajua raha ya kusikia mtu wa pale akikwambia "hebu njoo." Akaniambia yeye ni mchoraji wa hekaya, za majitu, wafalme wa majini na mabinti waliogeuzwa ndege, na kwamba amechoka kuchora watu wanaoyumba. Miezi kadhaa ya barua na mihuri ikapita, ikama yangu, yaani kibali cha kukaa nchini, ikahamishwa kutoka kwa kampuni hadi kwenye kile chumba chake, nami nikapanda lifti nikala mkate.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Mchoraji wa hekaya hakurupuki na rangi. Kabla ya kugusa turubai, yaani kile kitambaa kizito cha kuchorea, hufanya rasimu za chaki: bega peke yake, goti peke yake, vidole vikishika kamba. Anaweza kuchora mkono mmoja mara thelathini. Rangi ni ngumu kurekebisha, lakini chaki inakusamehe. Maalim alitumia chaki tatu. Nyeusi ni ya kivuli, nyekundu ni ya uhai ulio chini ya ngozi, nyeupe ni ya mwanga, nayo huja mwisho kabisa. Karatasi haiachwi nyeupe. Mimi ndiye niliyeipaka chai ya rangi nzito, bila sukari, nikaianika mpaka ikawa ya kahawia.

"Ngozi yako tayari imo karatasini," alikuwa akiniambia. "Mimi naongeza giza na mwanga tu."

Nami nilisimama, kikoi kiunoni, kifua wazi. Dakika ishirini, saa ya jikoni inalia, unanyoosha viungo dakika tano, unarudi. Sakafuni tulibandika utepe kuzunguka nyayo zangu ili nirudi palepale, maana kidole kikisogea, nyonga inasogea, na nyonga ikisogea mchoro wote umeharibika. Kwa miaka saba nilikuwa kila mtu. Nilikuwa mfalme. Nilikuwa jini aliyefungwa mnyororo. Nilikuwa nyayo za binti mfalme, mimi na kiatu changu namba kumi na moja, Maalim akizipunguza kwa chaki huku anacheka peke yake.

Ochieng, tuliyekaa naye chumba kimoja Al Thumama, dereva wa watu wakubwa, alikuwa hanipi nafasi. "Buda, leo umekuwa nani?" aliuliza kila jioni. Siku niliyomwambia binti mfalme alianguka kitandani. "Wee! Na mahari tupeleke Kaloleni?" Sikukasirika. Nilipenda kazi ile, niseme ukweli. Nilikuwa mtu wa miaka zaidi ya hamsini na kwa mara ya kwanza mtu alinitazama siku nzima bila kunishuku.

Sasa nifike kwenye kisa chenyewe.

Mudiri, yaani meneja, wa hoteli moja jirani alitaka picha moja ya ukuta mzima wa ukumbi wa kupokelea wageni. Maalim akamtungia hekaya kutoka vipande vya hadithi za mamake: mwezi umeanguka baharini, dunia iko gizani, na jitu moja mzamia lulu likaaga nyumbani kwake, likazama hadi chini kabisa, likatoka limebeba mwezi mgongoni. Picha ilikuwa ya wakati ule jitu linapotoka majini, limewapa watu mgongo.

Lakini mkono wa kulia wa Maalim ulikuwa umeanza kutetemeka. Alipochora mstari mrefu aliushika kiwikoni kwa mkono wa kushoto. Siku moja aliweka chaki chini, akaniambia wazi. "Kazungu, hii ndiyo picha yangu ya mwisho kubwa. Ikipita, nimemaliza kwa heshima. Isipopita nafunga chumba, narudi Maskati kwa binti yangu nikalishwe uji. Na ikama yako imo humuhumu chumbani." Hakuhitaji kunieleza zaidi. Chumba kikifungwa, nami naondoka nchini kabla sijajipanga, na baada ya miaka saba ya kuwa mfalme sikutaka kurudi nyumbani kama mtu aliyefukuzwa. Zaidi ya hayo, nilimwonea uchungu mzee.

Na Mudiri hakuwa mtu rahisi. Rasimu mbili ndogo alizikataa akiwa bado mlangoni. "Hili jitu linang'aa," alisema. "Limetoka saluni hili, halikutoka baharini." Akatupa nafasi moja ya mwisho. Jumapili saa nne asubuhi atakuja kuiona rasimu kuu, ile ya ukubwa uleule wa picha. Asipoipenda, atanunua picha za farasi dukani.

Maalim alifanya kazi wiki tatu juu ya rasimu hiyo. Alhamisi ilikuwa imebaki nyeupe peke yake, mwanga wa mgongo na mabega. Mchana huo karatasi ikavimba katikati, gundi ya nyuma imeachia. Nilikuwa karibu, nikaruka nikaibana kwa viganja vyote viwili, palepale begani kwa jitu, nikashikilia mpaka gundi ikashika tena. Nilijiona shujaa. Maalim akaniambia ahsante.

Kisha akachukua chaki nyeupe, akaanza kuipitisha begani. Haikushika. Iliteleza, ikageuka kijivu, ikafifia. Akajaribu tena. Alama zikaanza kuonekana kidogo kidogo, kidole kimoja, vitatu, kiganja, cha pili. Vidole vyangu vyote kumi vilikuwa vimelala begani kwa jitu kama mtu aliyewasili bila kualikwa.

"Kazungu. Umejipaka nini?"

"Mafuta, Maalim."

"Mafuta gani?"

"Ya mgando. Ya kila siku."

Eti aliniuliza kwa nini! Nilishangaa swali lenyewe. Kwetu mtu hatoki mlangoni hajajipaka mafuta. Mamangu alitukagua magoti kabla ya shule, na aliyepauka alirudishwa ndani, maana majirani watasema mtoto huyu hana mwenyewe. Doha ni mbaya zaidi, maji yake na AC zake zinakukausha kama dagaa. Kwa hiyo kila asubuhi kwa miaka saba nilijipaka kuanzia kisogoni hadi nyayoni. Ila kabla ya kugusa karatasi nilinawa mikono kwa sabuni, sharti la kwanza la chumba kile, na siku hiyo katika ushujaa wangu nilisahau.

Maalim alijaribu mkate. Mkate ukatoa chaki, mafuta yakabaki. Alikaa kwenye kiti, mkono unamtetemeka gotini. Nilitamani anitukane. Nikamwambia, "Maalim, nimekuua." Akasema taratibu, kwa sauti ya mtu anayefikiria jambo jingine kabisa, "Linang'aa. Mudiri alisema linang'aa." Akainua macho. "Nenda kaoge. Kwa sabuni ya vyombo. Kila mahali. Halafu njoo usimame chini ya AC."

Vijana, kuna aibu nyingi duniani, lakini kusimama mbele ya mtu unayemheshimu umepauka hivyo, hapana. Ngozi ilinibana. Nilijitazama mikono, imekuwa kama ya mtu aliyekuwa akisaga unga. Nikampa mgongo haraka, nikasimama kwenye utepe. Nikasubiri. Sikusikia chaki. Nikadhani mzee amezimia.

"Khaa!" nikamsikia. "Khaa, Kazungu! Miaka saba unanificha hii?"

Alikuja karibu hata nikasikia pumzi yake. Kila mfupa wa uti wa mgongo, alisema, umejichora wenyewe kwa nyeupe. Mafuta yalikuwa yakimpa mng'ao unaocheza, leo hapa kesho pale, na kumbe ukavu ulikuwa unamwonyesha mwili ulipo. "Na mzamia akitoka baharini akakaukiwa na upepo," alisema, "anabaki na nini juu ya ngozi? Chumvi! Anapauka kwa chumvi! Jitu letu limepauka, Kazungu, limepauka vizuri sana!" Mzee wa miaka sabini na zaidi alikuwa anarukaruka. Akanipa amri moja: hadi Jumapili, nisiguse mafuta.

Sasa nawauliza, kesho yake ilikuwa siku gani? Ijumaa. Na Doha kanisa ni Ijumaa.

Nilivaa suti yangu ya kijivu, nikaenda nimepauka uso, shingo na mikono. Ochieng alikataa kukaa nami kiti kimoja kwenye basi. "Mzee, umeangukia gunia la unga? Watu watasema sisi watu wa rumu moja tunakunyima lotion!" Kanisani akina dada manesi waliguna waliponiona. Mmoja wao, dada wa Kisii mwenye huruma kupita kiasi, alifungua mkoba, akanisogezea chupa chini ya kitabu cha nyimbo. "Baba, chukua kidogo tu." Nikatikisa kichwa. Machozi yakamlengalenga. Wakati wa maombi nikasikia mchungaji akiombea "wazee wetu ambao kazi zimewaendea vibaya," na kusanyiko zima likasema amina huku limegeuka kunitazama. Hata mimi nikasema amina. Kwani Mudiri si alikuwa anakuja Jumapili?

Jumamosi tulifanya kazi tangu saa moja asubuhi. Maalim alichora chumvi kwa chaki nyeupe iliyokauka, mistari mifupi mifupi, na nilimsikia akivuta pumzi kwa furaha. Jitu likaanza kutoka majini kweli. Mpaka akafika begani. Kila mahali chumvi ilishika, isipokuwa pale penye vidole vyangu. Karatasi nyingine ya ukubwa ule haikuwapo, wala muda.

"Kazungu," alisema, "siku ulipoondoka kwenu, nani alikugusa mwisho?"

Sikutarajia swali hilo. Nikamwambia ni mke wangu, Kadzo. Alinisindikiza Kaloleni stendi. Basi lilipopiga honi alinishika mabega kwa nyuma, mikono yote miwili. Kondakta alilazimika kumbembeleza aniachie. Nilimweleza Maalim nikiwa nimempa mgongo, na ilikuwa vizuri hivyo, kwa sababu nililia.

"Basi tuache," akasema Maalim. "Jitu nalo lina mke. Alilishika begani kabla halijazama. Chumvi imekauka mwili mzima, pale aliposhika yeye haikukaa." Akachukua chaki nyekundu, akaipitisha kando ya vidole, taratibu sana, na mkono wake haukutetemeka hata kidogo. Naapa haukutetemeka.

Jumapili saa nne kamili Mudiri akaingia. Safari hii hakusemea mlangoni. Alitembea mpaka karibu, akarudi nyuma, akasogea tena. Mimi nilisimama pembeni na suti yangu, nimepauka.

"Hii hapa begani ni nini?" aliuliza.

Maalim akamweleza, maneno machache tu. Mudiri naye ni mtu wa mbali, mkewe na watoto aliwaacha kwao. Nilimwona akipeleka mkono kwenye bega lake mwenyewe, juu ya koti, akaushikilia pale.

"Khalas," akasema. "Ichoreni. Hayo ya begani msiyaguse."

Alipofunga mlango, Maalim alinikumbatia, na alipoachia shati lake jeupe lilikuwa safi. Hakuna mafuta! Tulicheka kama wendawazimu. Jioni ile nilijipaka kopo zima.

Yaliyobaki ni kazi. Tulitoboa mistari ya rasimu kwa sindano, kishimo kando ya kishimo, namna wanavyotoboa kofia za mkono kwetu pwani, tukaibandika juu ya turubai, tukaipigapiga kwa kifuko cha unga wa mkaa ili mistari ihamie upande wa pili. Kisha ikaja rangi, miezi mingi. Picha ilipotundikwa Maalim alizipangusa chaki zake, akazifunga kwenye leso, akasema, "Nimeshiba." Yuko Maskati kwa binti yake. Huo uji anaokula, huniambia kwa simu, ni mtamu.

Nami nimestaafu, nangoja ndege ya kurudi nyumbani. Nikiwatazama nyinyi vijana mmesimama malangoni, nawaambia simameni vizuri, hamjui nani anapita. Na kama kazi yenu ni ya karatasi, naweni mikono. Sina hekima nyingine.

Jana nilikwenda kuiaga picha. Nilijipaka mafuta, nikavaa suti, nikakaa kwenye makochi ya wageni, nikampigia Kadzo simu ya picha. Sikuwahi kumwonyesha. Nilikuwa nikimwambia tu nafanya kazi kwa mchoraji. Nikageuza simu ukutani, nikasogea ili aone lote, jitu, mwezi, bahari.

Sauti yake ikajaa ukumbi mzima. "Kazungu! Si mgongo wako huo? Na ndio umepauka hivyo mbele za watu?"

Watu wa mapokezi waligeuka. Nikamwambia anyamaze aangalie bega. Nikaisogeza simu karibu, nikamweleza chumvi, nikamweleza mke wa jitu na mikono yake. Aliangalia kwa muda mrefu. Nilidhani mtandao umekatika.

"Hiyo mikono ni yangu," alisema.

"Ni yako."

"Miaka yote hiyo ilikuwa hapo?"

"Ilikuwa hapo."

Nikamsikia akipenga kamasi. Kisha akawa Kadzo tena.

"Haya, basi imetosha," alisema. "Rudi nyumbani nikupake mafuta."